Je, tangazo usiloliona linaweza kukununulia soda?

Uvumi huu haukosi msimu. Unazuka kwenye stendi za matatu za Kisumu, unaingia vikundi vya WhatsApp vya Nakuru, unapoa, kisha unarudi na jina la kampuni nyingine. Eti kuna neno linapitishwa kwenye video kwa kasi isiyoshikika na jicho, na ndilo linalowafanya vijana wasiache soda fulani au mchezo fulani wa kubeti. Picha ya bilauri huzungushiwa duara jekundu, watu wakaambiwa wachungulie katikati ya vipande vya barafu. Ukishaambiwa kuna uso, utauona tu.

Jibu lenyewe si la ndiyo wala la hapana, ila liko karibu zaidi na hapana. Neno lisiloonekana linaweza kuusukuma uchaguzi wa mtu kidogo, kwa muda mfupi, ndani ya chumba cha majaribio, na kwa mtu ambaye tayari alikuwa na kiu. Kwamba limewahi kumtoa mtu nyumbani kwake Kondele akanunue kitu asichokitaka, hilo halijathibitishwa na yeyote. Mkanganyiko mwingi hutokana na kuyaweka mambo matatu tofauti kwenye kapu moja.

La kwanza ni ujumbe fiche wenyewe, yaani ujumbe ulio chini ya kizingiti cha utambuzi. Macho yanaupokea, ubongo unaugusa, lakini ukiulizwa umeona nini huwezi kujibu zaidi ya kubahatisha. La pili ni alama iliyofichwa ndani ya mchoro lakini inaonekana ukiitafuta, kama ule mshale mweupe ulio kati ya herufi E na x kwenye nembo ya FedEx. Hiyo ni ufundi wa mchoraji. Haiko chini ya kizingiti chochote, imekaa hapo mchana kweupe. La tatu ni mambo unayoyaona na kuyasikia kabisa bila kugundua kuwa yanakuathiri: bei, rangi, muziki wa dukani, rafu ambayo bidhaa imewekwa. Wapiga kelele hulalamikia la kwanza, wakaleta ushahidi wa la pili, ilhali pesa zao zinachukuliwa na la tatu.

Hicho kizingiti si mstari uliochorwa mahali pamoja. Wanasaikolojia hukihesabu kuwa kiwango ambacho mtu hutambua kitu nusu ya mara anapoonyeshwa. Hubadilika kwa mtu na mtu, na kwa mtu yuleyule asubuhi na jioni. Aliyechoka kizingiti chake kiko juu. Aliye karibu na skrini yenye mwanga mkali chumbani giza, kiko chini. Ndiyo maana hakuna kasi moja ambayo mtangazaji angeichagua ikawa fiche kwa Kenya nzima. Akiongeza kasi sana, wengi hawapokei chochote. Akipunguza, baadhi ya watazamaji wataliona neno waziwazi na kulipiga picha.

Tuchukue tarakimu. Runinga zetu hufuata mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana, kwa hiyo fremu moja hukaa milisekunde 40 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Video nyingi za mtandaoni huwa na fremu 30 kwa sekunde, sawa na milisekunde 33 hivi kwa kila fremu. Skrini ya simu ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 17. Neno fupi jeusi juu ya mandhari meupe likikaa milisekunde 40 peke yake, watu wengi watagundua kuna kitu kimepita na baadhi watalisoma, kwa sababu taswira hubaki machoni hata baada ya skrini kubadilika. Ili neno lisionekane ni lazima lifuatwe papo hapo na kifunika-macho, kwa mfano safu ya herufi zilizovurugwa palepale neno lilipokuwa. Bila kifunika-macho, hata kasi kubwa haifichi vizuri. Uvumi wa WhatsApp hausemi lolote kuhusu kifunika-macho. Na bango la barabarani, ambalo limesimama hapo miezi sita likitazamwa na kila anayepita, haliwezi kuwa na ujumbe wa kasi hata chembe.

Habari hizi zote zina babu mmoja. Mwaka wa 1957, mtafiti wa masoko aitwaye James Vicary aliwaita wanahabari New York akatangaza kuwa ameweka mtambo wa pili wa kumulika picha katika ukumbi wa sinema wa Fort Lee, jimbo la New Jersey. Alidai kwamba kwa wiki sita watazamaji 45,699 walimulikiwa maneno ya kuwahimiza wale bisi na wanywe Coca-Cola, kila baada ya sekunde 5, kwa muda wa sehemu moja ya 3,000 ya sekunde. Mauzo ya bisi, alisema, yalipanda kwa zaidi ya asilimia 57 na ya kinywaji kwa asilimia 18.1.

Pima madai hayo kama fundi. Sehemu moja ya 3,000 ya sekunde ni theluthi moja ya milisekunde, pungufu mara 70 hivi ya milisekunde 23 zilizotumika kwenye jaribio la Uholanzi tutakalolifikia baadaye. Hapakuwa na ukumbi wa kulinganisha usiomulikiwa chochote. Hali ya hewa haikuandikwa. Na filamu iliyokuwa ikionyeshwa iliitwa Picnic, hadithi inayozunguka sherehe ya watu kula nje. Mtu akitoka humo na njaa, nani wa kulaumiwa? Vicary hakuwahi kutoa takwimu zake kwa wanasayansi. Mwaka wa 1962 alikiri kwenye jarida la Advertising Age kuwa data aliyokuwa nayo ilikuwa kidogo mno kuwa na maana, na kwamba jambo lenyewe lilikuwa mbinu ya kuvutia wateja kwenye biashara yake. Lakini uvumi ulikuwa na miaka mitano ya kutangulia.

Mapema mwaka wa 1958, shirika la utangazaji la Kanada, CBC, lilijaribu jambo hilo hewani. Kwenye kipindi cha Jumapili usiku walimulika agizo la kupiga simu sasa hivi mara 352. Watazamaji walikuwa wameambiwa kuna ujumbe utapitishwa, ila hawakuambiwa ni upi. Simu hazikuongezeka. Zilizoongezeka ni barua: karibu 500, na karibu nusu ya walioandika walidai walishikwa na njaa au kiu wakati wa kipindi. Habari za bisi na soda walikuwa wameshazisikia. Hofu ya ujumbe fiche iliwafanya wahisi kitu ambacho ujumbe wenyewe haukukisema.

Maabara zimefika mbali zaidi ya Vicary, na ni haki kuzisikiliza. Mwaka wa 1980, William Kunst-Wilson na Robert Zajonc waliwaonyesha watu maumbo yasiyo na maana kwa milisekunde 1. Baadaye wakawapa maumbo mawili mawili, moja la zamani na moja jipya. Walipoulizwa lipi wameliona, walipatia asilimia 48, sawa na kurusha sarafu. Walipoulizwa lipi wanalipenda zaidi, asilimia 60 ya majibu yalikwenda kwa lile lililokuwa limeonyeshwa. Kwa hiyo ubongo hukusanya kitu hata pale mwenyewe hajui. Kumbuka tu kilichopimwa: kupenda umbo, si kutoa pesa mfukoni.

Jaribio lililokaribia zaidi matangazo ni la Uholanzi, la Johan Karremans, Wolfgang Stroebe na Jasper Claus, lililochapishwa mwaka wa 2006. Washiriki walipewa kazi ya kutazama safu za herufi kwenye kompyuta. Katikati ya kazi hiyo, jina la chai baridi, Lipton Ice, lilipita kwa milisekunde 23. Kundi la pili lilipitishiwa herufi zilezile zikiwa zimevurugwa. Mara baada ya kazi wakaulizwa wangechagua Lipton Ice au maji ya chupa. Waliokuwa na kiu walielekea zaidi kwenye jina walilomulikiwa. Wasio na kiu hawakutikisika. Katika jaribio la pili watafiti waliwatia watu kiu wenyewe, kwa peremende ya chumvi, na matokeo yakawa yaleyale. Utafiti wa baadaye wa kundi hilo ukaongeza masharti mengine mawili. Athari ilionekana pale jina lililomulikwa halikuwa kinywaji ambacho mtu amezoea tayari. Na mtu akionywa mapema kwamba kuna ujumbe unapitishwa, athari hupungua.

Sasa yabebe masharti hayo uyapeleke Kisumu. Mtazamaji awe na kiu, jambo ambalo saa nane mchana kando ya ziwa si tatizo. Macho yake yawe yametulia palepale neno linapopita, si kwenye sahani ya omena wala kwa mtoto anayelia. Runinga iwe na uwezo wa kuonyesha milisekunde 23 kamili, na kwa fremu za milisekunde 40 haiwezi. Kinywaji kisiwe kile anachokunywa kila siku. Lakini kampuni zenye pesa za kutangaza usiku wa taarifa ndizo ambazo vinywaji vyake vimezoeleka kuliko vyote. Halafu chaguo lifanyike hapo hapo, kabla ya dakika nyingi kupita. Mtu anayeona tangazo saa mbili usiku na kwenda dukani kesho yake jioni ameshapita katikati ya mabango, redio ya matatu na kelele za wachuuzi zenye nguvu kuliko neno lile. Kwa maana ya neno moja kuathiri usomaji wa neno linalofuata, Anthony Greenwald na wenzake waliona mwaka wa 1996 kuwa nguvu ya neno fiche hupotea ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Mwaka wa 1996 pia, Charles Trappey alikusanya tafiti 23 za ujumbe fiche na uchaguzi wa walaji akazijumlisha. Uhusiano alioupata, ukiugeuza kuwa lugha ya kawaida, ni kwamba ujumbe fiche ulieleza chini ya nusu ya asilimia moja ya tofauti katika chaguo za watu. Asilimia 99 na ushei ilitoka kwingineko.

Upande wa sauti ni mwepesi zaidi kumaliza. Mtandaoni kuna rekodi nyingi zinazoahidi kwamba ukilala nazo masikioni utapata ngozi laini, mchumba au kazi, kwa kuwa maneno ya siri yamewekwa chini ya mlio wa mvua. Neno lililozamishwa chini ya sauti kubwa kiasi cha kutosikika halifanyi kazi kwa siri, limezama tu. Greenwald na wenzake walilipima hili mwaka wa 1991 kwa kanda zilizokuwa zikiuzwa madukani, za kuongeza kumbukumbu na za kujiamini. Watu 237 walizisikiliza kwa wiki tano. Ujanja ulikuwa kwenye lebo: baadhi ya kanda za kumbukumbu zilibandikwa lebo ya kujiamini, na kinyume chake. Vipimo havikuonyesha manufaa yaliyoahidiwa na kanda yoyote, lakini zaidi ya theluthi ya wasikilizaji walisadiki wameboreka kulingana na lebo. Aliyeuziwa lebo alipona kwa lebo. Kuhusu nyimbo zinazodaiwa kubeba maneno ukizicheza kinyumenyume, John Vokey na Don Read walionyesha mwaka wa 1985 kwamba wasikilizaji hawapati maana yoyote humo mpaka waambiwe wasikie nini, na wakishaambiwa husikia kweli. Ni barafu na uso tena.

Ukishuku video fulani, usiitume kwa watu 200, ikague. Inachukua dakika tano. Kwenye YouTube, ukiwa na kompyuta, simamisha video kisha bonyeza alama ya nukta kusonga mbele fremu moja moja, na alama ya mkato kurudi nyuma. Kwenye programu ya VLC, herufi E hufanya kazi hiyo. Ukiwa na simu tu, punguza kasi hadi 0.25: fremu ya milisekunde 33 itakaa milisekunde 133 na utaiona bila shida. Kwa tangazo la runinga, lirekodi kwa kamera ya simu kwenye hali ya mwendo wa polepole, fremu 120 kwa sekunde au zaidi. Rekodi ya kawaida inaweza kukosa mwanzo au mwisho wa fremu. Utakutana na vitu viwili vitakavyokudanganya. Cha kwanza ni fremu yenye picha mbili zilizochanganyika, ambayo ni kawaida kila mandhari yanapofifia kwenda mengine. Cha pili ni fremu moja ya picha isiyohusika kabisa pale video mbili zinapoungana. Mara nyingi huo ni uzembe wa mhariri aliyekata klipu akiwa amechelewa fremu moja.

Mara chache sana kitu halisi hupatikana. Katika kampeni za urais za Marekani za mwaka wa 2000, tangazo la upande wa George W. Bush lilionyesha neno la Kiingereza lenye maana ya panya, RATS, kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde, likiwa mkia wa neno jingine refu lililokuwa linakuja. Waliolitengeneza walikana kukusudia. Tazama kilichofuata lakini: lilionekana, likaripotiwa, likawa aibu. Hilo pekee linatosha kumfanya mtangazaji mwenye akili asithubutu. Athari ni ndogo, aibu ni kubwa, na ushahidi unabaki kwenye faili milele.

Kuna njia rahisi zaidi za kufika mfukoni mwako, na zote ziko mbele ya macho. Mtume mtoto dukani Kakamega au Bungoma akakununulie Omo. Atarudi na sabuni ya unga ya kampuni yoyote, na hakuna atakayeshangaa. Dawa ya meno imekuwa Colgate, hata tukasikia watu wakiomba Colgate ya kampuni nyingine. Jina likishakuwa nomino ya kawaida nyumbani, neno la milisekunde 23 linakwenda kuongeza nini? Halikuja kwa siri, bali kwa kuta za maduka zilizopakwa rangi ya kampuni kutoka Nakuru hadi Busia, kwa miaka, mpaka ukuta wa kijani au mwekundu ukasomeka hata na asiyejua kusoma.

Muziki nao. Adrian North na wenzake walifanya jaribio katika duka moja la Uingereza, wakacheza muziki wa Kifaransa siku moja na wa Kijerumani siku nyingine, karibu na rafu ya mvinyo. Siku za Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za Ufaransa dhidi ya 8 za Ujerumani. Siku za Kijerumani, za Ujerumani zikawa 22 na za Ufaransa 12. Muziki ulisikika na kila mtu, lakini wanunuzi walipoulizwa, wachache sana walikubali kuwa uliwagusa. Hii ndiyo aina ya ushawishi tunayopaswa kuiogopa, kama ni lazima tuogope: kikulacho ki nguoni mwako.

Bei ya shilingi 199 husomwa kutoka kushoto, jicho likashika 1 kabla ya kufika mwisho, hata kama keshia hana shilingi moja ya kukurudishia. Bidhaa zenye faida kubwa hukaa usawa wa macho. Unga wa bei nafuu utauinamia. Peremende huwekwa kando ya foleni ya kulipia, kwa kimo cha mtoto. Na kampuni ya kubeti haina haja ya kuficha neno: inatuma ujumbe kwenye simu dakika chache kabla ya mechi, mtu akiwa na shauku tayari. Ni sharti lilelile la kiu, ila bila siri. Mwaka wa 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na yaliyosimamishwa ni yale ambayo kila mtu alikuwa akiyaona na kuyasikia. Katiba nayo, kwenye kifungu cha 46, inataka sheria za kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya heshima. Mlalamishi mwenye tangazo linalodanganya waziwazi ana kesi nzuri kuliko mwenye duara jekundu.

Walimu wa sayansi wanaotaka wanafunzi wajaribu wenyewe wanaweza. Tengeneza video mbili za fremu 60 kwa sekunde. Ya kwanza iwe na jina la kinywaji kwenye fremu moja, likitanguliwa na kufuatwa na fremu 10 za herufi kama XQMWZ mahali palepale. Rudia mara 20. Ya pili iwe sawa kwa kila hali, ila jina livurugwe. Rusha sarafu kuamua nani atazame ipi. Weka vinywaji viwili vya bei moja na ubaridi mmoja, ukibadilisha cha kulia na cha kushoto kila baada ya mtu. Anayeandika chaguo asijue mtu ametazama video gani. Mwisho, mwonyeshe kila mmoja maneno mawili na umuulize lipi lilipita. Darasa likipatia zaidi sana ya nusu, ujumbe haukuwa fiche, na jaribio limeharibika.

Kuharibika ni rahisi. Programu ya kuhariri ikihifadhi video kwa fremu 30, fremu moja inakuwa milisekunde 33 badala ya 17. Simu ya zamani huruka fremu, na huenda ikaruka hiyohiyo yenye neno. Ukichagua soda ambayo tisa kati ya kumi wangeichukua hata hivyo, hakuna nafasi iliyobaki ya kupanda. Kosa kubwa zaidi ni idadi. Kwa wanafunzi 20 kila upande, 14 wakichagua kinywaji hicho upande mmoja na 10 upande wa pili, darasa litashangilia. Lakini tofauti ya ukubwa huo au zaidi hutokea kwa bahati tupu karibu mara moja katika kila majaribio manne. Ili kuitambua kwa uhakika wa kuridhisha athari ya kutoka asilimia 50 hadi 65, unahitaji watu 170 hivi kila upande. Hiyo ni wanafunzi 340 wenye kiu na chupa 340 za kila kinywaji zilizopoa, kwa kuwa hujui watachagua nini.